Spi Imekugomea, na Uko Peke Yako Chomboni

Kiangazi kikishakomaa, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusini ndio unaotawala Ziwa Kivu. Ukitoka Bukavu kuelekea kisiwa cha Idjwi unao mgongoni, na safari inakuwa ndefu na tamu. Siku kama hizo ndipo mtu anaukumbuka ule mfuko uliolala chini ya kitanda cha kabini, akajiambia: leo nitafungua spi.

Spi ni lile tanga kubwa la nailoni nyepesi, lenye tumbo kama puto, linalofunguliwa mbele ya chombo upepo ukitoka nyuma. Vitabuni wengine huliita spinaka. Sisi wa Bukavu matanga ya namna hii yalitufikia kwa Kifaransa, kwa hiyo ni spi tu. Kwa kamba nitaazima maneno ya watu wa pwani, maana yanatamkika kuliko yetu. Henza ni kamba ya kupandishia tanga. Goshi ni pembe ya chini iliyo upande unakotoka upepo, ile inayoshikiliwa nje na mti wa spi, yaani mti unaotoka mlingotini, na kamba yake nitaiita kamba ya goshi. Demani ni kamba ya pembe ya pili, ile inayopepea huru. Bome ni mti wa chini wa tanga kuu. Omo ni pua ya chombo.

Chombo changu kina urefu wa mita 7, na mara nyingi niko humo mimi na termosi ya chai. Karibu kila kosa ninaloeleza hapa nimelifanya, mengine zaidi ya mara moja.

Neno moja kabla ya dalili. Mtu ana mikono miwili, na spi inataka mitano. Mitatu inayokosekana utaipata kwenye kivuli cha tanga kuu. Upepo ukiwa nyuma na tanga kuu likiwa limefunguliwa nje, mbele yake kuna mahali ambapo upepo haufiki. Spi ikiingizwa hapo inalegea na kuning'inia kama shuka kwenye kamba ya kuanikia. Ikitoka hapo, inakuwa ng'ombe dume. Kupandisha, kushusha na kufungua mafundo, vyote vifanyie kivulini, na ukisahau mengine yote kumbuka hilo.

Imepanda, lakini imejisokota katikati

Unavuta henza mpaka juu, unatazama, unaona tumbo dogo juu, tumbo dogo chini, na katikati kiuno cha nyigu. Wanaoanza hukimbilia kuvuta demani kwa nguvu, na kiuno kinazidi kukaza.

Chanzo kiko mfukoni, na kiliingia humo wiki iliyopita ulipokuwa umechoka. Spi ikisokomezwa tu, pembe zake hupishana ndani. Kabla ya kuifunga, anza na pembe ya juu, fuata ukingo mmoja kwa vidole mpaka chini, kisha urudi ufuate wa pili. Spi nyingi zina utepe mwekundu ukingo mmoja na wa kijani ukingo mwingine, kwa kazi hiyohiyo. Tumbo lisukume ndani ya mfuko, pembe tatu zibaki nje mdomoni, kila moja upande wake. Kazi hiyo hainichukui dakika kumi sebuleni, na nimewahi kuiruka nikapoteza saa nzima ziwani.

Ikiwa tayari imesokotana, fuata upepo mpaka spi iingie kivulini, shusha henza kama mita moja, halafu vuta kamba ya goshi na demani kwa pamoja ili pembe za chini zitengane. Mara nyingi inajifungua yenyewe, kwa sababu pembe ya juu ina kikuku kinachozunguka. Isipozunguka, kagua kikuku hicho ukifika nyumbani. Huenda kimeshika kutu au fundo la henza limekibana.

Ikijizungusha kwenye waya wa omo, ule unaotoka mlingotini mpaka pua ya chombo, hilo ni gonjwa jingine. Usivute chochote. Hamisha tanga kuu upande wa pili, ili upepo unaotiririka kutoka kwake ugeuke na kuizungusha spi kinyume. Ukiwa na subira itajifungua jinsi ilivyojifunga. Kinga yake ni kuacha tanga dogo la mbele likiwa juu wakati wa kupandisha spi, likunjwe tu spi ikishajaa. Linaziba ile nafasi ambayo spi hupenda kupita.

Inajaa kabla haijafika juu

Henza iko nusu, spi imekwisha kula upepo, na kamba inapita kiganjani kama msumeno. Hapa sababu ni tatu, na kwa kawaida zinakuja pamoja: ulipandisha nje ya kivuli, ulikuwa umekwisha kaza demani, na ulivuta henza polepole kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani.

La kufanya papo hapo ni kuachia demani yote. Spi itapigapiga kelele za kutisha, lakini kelele hazizamishi chombo. Ikipoteza pumzi, maliza kuvuta henza.

Kwa siku nyingine, ifunge spi kwa nyuzi za sufu kabla ya kuondoka. Ninanunua sufu ya kufumia sweta soko la Kadutu, ile ya bei ya chini kabisa inayokatika kwa kuitazama. Naikusanya spi ndefu kama soseji, kila mita au zaidi kidogo nazungusha uzi mmoja na kufunga. Inapanda juu imenyamaza. Ikifika kileleni na henza ikishafungwa, navuta demani, na nyuzi zinakatika kuanzia chini, moja baada ya nyingine, pa, pa, pa. Wenye uwezo hununua soksi, yaani mfuko mrefu unaoifunika spi na kupandishwa au kushushwa kwa kamba yake. Soksi ni nzuri, nitairudia, ila sufu haijawahi kunikwamia juu ya mlingoti.

Na usukani? Piloti ya umeme inafanya kazi upepo ukiwa wa upole. Isiyo ya bei kubwa inasubiri chombo kipotoke ndipo irekebishe, na kwa spi kuchelewa huko kunatosha kuleta balaa. Kwenye chombo kidogo mimi hufunga mkono wa usukani kwa kauchu, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kulia na kushoto. Inanipa sekunde ishirini au thelathini. Kwa hiyo henza yangu inarudi mpaka nilipokaa, kupitia kapi lililo chini ya mlingoti, na kishikio chake kinaibana chenyewe ninapovuta. Kama henza yako bado inaishia kwenye mlingoti, rekebisha hilo kwanza kabla hujaichukua spi peke yako.

Ukingo unajikunja, unajikunja, halafu tanga lote linaanguka

Kujikunja kidogo si ugonjwa. Ukingo wa upande wa goshi ukijikunja kidogo begani, juu ya katikati, ujue demani imelegezwa sawasawa. Vuta kidogo, unyooke, legeza tena. Aliye peke yake hawezi kucheza mchezo huo siku nzima, basi kaza demani kidogo kupita inavyofaa na ukubali kupoteza mwendo.

Ukijikunja juu kwanza, mti wa spi uko chini mno, upandishe. Ukijikunja chini kwanza, uko juu mno. Pembe mbili za chini zikilingana kimo umefika karibu na ukweli. Tanga likianguka lote bila kujikunja kwanza, pengine umeufuata upepo kupita kiasi na spi imeingia kivulini bila wewe kutaka. Rudisha omo upande wa upepo digrii kumi.

Chombo kinayumba kama mlevi

Kushoto, kulia, kushoto zaidi, kulia zaidi. Unakwenda na upepo mgongoni kabisa, na spi juu inabembea kama kengele. Kila bembea inavuta kilele cha mlingoti, na usukani unajibu ukiwa umechelewa, hivyo wewe mwenyewe unaongeza wimbi.

Acha kwanza kupambana na usukani. Sogeza omo kidogo upande wa upepo, upepo uje kwenye bega badala ya mgongo. Kaza demani ili spi iwe bapa na isogee karibu na tanga kuu. Kisha vuta chini kamba zote mbili za spi kwa vikapi vidogo vilivyo ubavuni, katikati ya chombo. Nilizifunga kamba hizo za kushushia mwaka wa pili wa kusafiri, na sijui mwaka wa kwanza niliponaje. Kamba ya kushusha bome nayo ikaze, la sivyo sehemu ya juu ya tanga kuu inajisokota mbele na kusukuma upande usiotaka.

Omo linajigeuzia upepo lenyewe na chombo kinalala

Hili ndilo watu huniuliza zaidi, na lina haki ya kuogopwa. Dhoruba fupi inapiga, chombo kinainama, usukani unatoka nusu nje ya maji na kuwa ubao tu. Unauvuta mpaka kifuani, hausikii. Chombo kinajigeuzia upepo, spi imejaa pembeni, bome liko majini.

Mkono wako usiende kwenye usukani. Uende kwenye demani, uiachie yote. Halafu achia kamba ya kushusha bome, ili tanga kuu lipumue. Chombo kitainuka, usukani utarudi majini, na hapo ndipo utaongoza. Kamba ya goshi usiiguse wakati huo. Ukiachia goshi huku demani imekaza, spi inaruka mbali na chombo ikiwa imejaa bado, na inaendelea kukilaza.

Sharti la kuachia demani ni kuifikia. Kwa hiyo ninapokuwa peke yangu, demani haizungushwi zaidi ya mara mbili au tatu kwenye winchi, ile ngoma ya kukazia kamba, na mwisho wake uko chini ya paja langu, nikiusikia. Sifungi fundo mwishoni. Heri kamba ipotee yote kuliko ikwame kwenye kapi ukiwa umelala ubavu.

Chanzo ni tanga jingi kwa upepo uliopo, na hapa Kivu kuna mtego wa namna yake. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na upepo wa noti 15 (noti ni maili ya baharini kwa saa) unasukuma pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko noti hizohizo Mombasa. Mtu anajisifu kwamba chombo chake kinabeba spi katika upepo ambao kijitabu cha kiwandani kinakataza. Ni kweli kwa upepo ulio sawa. Lakini upepo wetu hauko sawa. Unapita kati ya rasi na milima, unanyamaza nyuma ya kilima kimoja na kuruka kwenye bonde linalofuata. Mimi nikiwa peke yangu spi inabaki mfukoni ukifika noti 12. Miezi ya mvua siifungui baada ya saa sita mchana hata maji yakiwa kioo. Mawingu yanashuka kutoka milima ya magharibi, upande wa Kahuzi, na kuanzia maji yanapobadilika rangi kule mbali una dakika chache tu.

Kuhamisha mti wa spi upande wa pili, nao unakukimbia

Watatu chomboni hufanya hivi wakicheka. Peke yako, ni lazima uache usukani, uende mpaka mlingoti, uchomoe mti, uunge kwenye kamba ya upande mpya, uuachie upande wa zamani, uusukume mpaka urudi mlingotini, huku spi ikivuta. Mti ukikuponyoka una urefu wa kukufikia meno.

Nikisema ukweli, sifanyi. Naishusha spi, nahamisha tanga kuu, naipandisha tena upande wa pili. Nalipa robo saa. Mwenye soksi anaifunika spi, anahamisha, anaifunua. Mwenye kutaka kufanya kiungwana afanye upepo ukiwa chini ya noti 8, upepo mgongoni kabisa, bome limefungwa karibu na katikati, na kamba zote mbili za spi zimevutwa chini ubavuni ili tanga litulie peke yake.

Soksi haishuki

Umevuta kamba yake, mdomo umefika begani mwa spi, umegoma. Karibu kila mara spi bado imejaa. Soksi haiwezi kuubana upepo. Achia demani kwanza, ingia kivulini, kisha vuta. Ikigoma hata spi ikiwa imelegea, kamba za soksi zimejizungusha juu. Hapo shusha henza taratibu uikusanye spi na soksi yake kwa pamoja, ukaonane nazo nyumbani.

Imeshushwa, imeangukia majini

Siku moja nikiwa upande wa Kalehe, niliachia henza kwa pupa. Spi ilishuka yote kwa mpigo, ikapita mbele yangu, ikalala juu ya maji, na chombo kilichokuwa bado kinakwenda kikaijaza. Kilisimama kama kimeshikwa mkia. Nikashika katikati ya kitambaa na kuvuta. Nilivuta mpaka macho yakaona nyota. Hata shubiri moja haikuja.

Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walikuwa wanarudi kwa makasia, zile pirogi, yaani mitumbwi, tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu. Wakaacha kuimba.

"Eh papa! Ile nguo yako iko nakunywa mayi!"

Kicheko kilipopungua, mzee aliyekaa nyuma akanionyesha kwa kiganja, kama mtu anayefundisha mtoto kukunja mkeka. "Usivutake katikati. Shika kando moya tu, zingine uache. Mayi itatoka yenyewe."

"Aksanti, muzee."

Ndivyo wanavyovuta nyavu zao, na ndivyo spi inavyotoka. Ukiishika katikati unainua ndoo ya maji yenye mita nyingi za mraba. Ukifuata ukingo mmoja kutoka pembe hadi pembe, maji yanamwagika upande wa pili. Kwa hiyo simamisha chombo, achia kamba zote isipokuwa ya pembe moja, na uikusanye kwa ukingo. Henza nayo iwe huru kabisa, na injini usiiwashe mpaka uhesabu kila kamba iliyo majini, maana rafadha inapenda demani.

Kinga yake ni kushushia kwenye kivuli, na njia ninayoipenda ni kuipitisha spi chini ya tanga kuu. Inahitaji tanga kuu ambalo ukingo wake wa chini haukushonwa kwenye bome, wenye uwazi kati yao. Fuata upepo mpaka spi ilegee. Shika demani, ipitishe kwenye uwazi huo, juu ya bome, mpaka pembe yake ifike mkononi ukiwa umekaa kwenye mlango wa kabini. Achia kamba ya goshi ikimbie yote. Sasa spi ni bendera nyuma ya tanga kuu. Henza iwe imezungushwa mara moja kwenye winchi, na mwisho wake uukanyage kwa mguu. Unalegeza mguu, unavuta kitambaa kwa mikono yote miwili, kinaingia moja kwa moja kabini. Kule kupita kati ya bome na tanga kunakibana na kukifinya upepo wote. Kitu cha kuangalia ni mguu: ukiuinua kabisa, umerudi kwa wavuvi.

Henza imekwama juu

Unaachia, hakuna kinachoshuka. Kamba imeruka nje ya gurudumu la kapi ikabanwa pembeni, au imechakaa na nyuzi zake zimejikusanya kuwa fundo. Kupanda mlingoti peke yako katikati ya ziwa usithubutu, hata kama ulikuwa hodari wa miembe utotoni.

Ingia kivulini, achia kamba ya goshi, shika demani. Kanyaga mwisho wa tanga kwenye sitaha na uanze kuizungusha spi kuuzunguka mlingoti, au waya wa omo kama ndio ulio karibu, kutoka chini kwenda juu kadiri mkono unavyofika, ukiifunga kwa kauchu kila mzunguko. Sehemu ya juu itabaki inapepea kama kitenge kilichonaswa na mti. Inachukiza kutazama, lakini inavumilika. Shusha tanga kuu, rudi kwa injini polepole, ukiweka upepo upande ambao kitambaa hakipigi nyaya.

Nilirudi hivyo mara moja. Mlinzi wa nyumba iliyo karibu na gati aliniuliza kama kuna sikukuu. Siku iliyofuata tulikilaza chombo ubavu kidogokidogo, watu wanne wakivuta kamba kutoka gatini, mpaka kilele cha mlingoti kikafika juu ya ubao. Henza ilikuwa imeingia kati ya gurudumu na shavu la kapi, imesagika nusu. Kapi hilo nimelibadilisha, na kila Mei, kabla upepo wa kusini haujaanza, naivuta henza yote chini, naipitisha mkononi nikiwa nimefumba macho, na nakata mita ya kwanza hata kama inaonekana nzima.